Mkono wa Kushoto wa Mama

Miili ilikuwa imesimamishwa ukutani kama nguo za dukani, mirefu kwa mifupi, yote imefumba macho. Ghafla miwili ikatikisika. Mmoja ukafumbua macho, ukakunja vidole kimoja kimoja, kisha ukakohoa kikohozi ambacho Vumilia alikijua tangu utoto wake.

“Vumi! Uko wapi mwanangu?”

“Shikamoo Baba! Niko huku, geuka!”

“Marahaba. Subiri kwanza nijue shingo ya hiki kitu inageukia wapi.”

Vumilia alicheka huku machozi yanamlengalenga. Tangu aondoke Makete kwenda kufanya kazi Harbin, mji wa kaskazini mwa China unaoganda miezi yote ya baridi, hakuwa ameonana na wazazi wake. Na sasa walikuwa wamefika, ingawa wenyewe walikuwa wamelala vitandani kule Njombe mjini.

Kitu kilichowaleta kiliitwa mwilipacha. Msafiri alilala kwenye kituo cha nyumbani kwao, akavalishwa kofia, glavu na soksi ndefu zilizofumwa kwa nyaya nyembamba kama nywele. Kila amri ambayo mishipa ya fahamu iliutumia mkono, mguu au uso ilidakwa na nyaya hizo, ikarushwa hadi kwenye setilaiti, ikatua kwenye mwilipacha uliokuwa ukingoja kwenye kituo cha ng'ambo. Na alichogusa mwilipacha kilirudi kwa njia hiyo hiyo. Ukishika barafu Harbin, glavu ya Njombe nayo inapoa ghafla.

“Mama Vumi, amka, tumefika!” Baba akaupiga begani mwili wa pili.

Uso wa mwili ule ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Mashavu yakainuka, mwanya ukatokea katikati ya meno, na Mama akawa amesimama pale. Vumilia akamrukia shingoni.

“Shikamoo Mama!”

“Marahaba mwanangu. Umekonda! Hawa Wachina hawakupi ugali?”

“Hata hujaniangalia vizuri, Mama.”

“Mabega nimeshayaona. Twende, nionyeshe hiyo barafu yako.”

Mama alitoka mbele kwa hatua za haraka, na Vumilia akafurahi kumwona ana nguvu vile. Mwanzoni mama huyu alikuwa amepania kuja kwa ndege. Baada ya msimu wa viazi akabadili nia ghafla, akasema ndege anaziogopa, heri mwilipacha. Vumilia hakuuliza zaidi. Alitaka waje tu, kwa njia yoyote.

Kando ya mto Songhua mafundi-barafu walikuwa kazini. Hizi zilikuwa mashine zenye miguu mingi kama tandu, kila moja ndefu kuliko lori. Zilikata mto ulioganda vipande vya mraba, zikavibeba mgongoni, zikavipanga kuwa ngome, madaraja na minara yenye ngazi. Nyingine zilifuata nyuma zikichonga nakshi, na vumbi la barafu likaruka juani likimetameta.

“Na wewe ndiye uliyetengeneza haya madudu?” Baba aliuliza. Kule kijijini alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake ni fundi redio.

“Hapana Baba. Mimi nimetengeneza kitu kilicho ndani ya mwili uliouvaa. Kinaitwa kijazio. Amri zikichelewa njiani, mwilipacha ungekwama mguu mmoja hewani, watu wakucheke. Kijazio kinakisia ulitaka kufanya nini, kinamalizia chenyewe. Ndiyo maana unatembea vizuri.”

“Kwa hiyo wewe ndiye unayenitembeza!”

“Kidogo tu, Baba.”

“Mama Vumi, umesikia? Mtoto tuliyemfundisha kutembea, leo anatutembeza sisi!”

Mama alikuwa ameshatangulia ukingoni mwa mto. Aliinama, akachota theluji kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa mtu wa shoto. Akaikamua.

“Hii ndiyo baridi mliyonitishia nayo? Mbona si kitu! Umande wa Makete unauma kuliko hii.”

Baba naye akachota, akaitupa palepale. “Lo! Inachoma kama kaa la moto! Wewe mwanamke umeumbwa na nini?” Kisha akamtazama mkewe, akatazama pembeni. Vumilia aliona, lakini furaha ilimjaa mno hata asilitilie maanani.

Siku hiyo waliteleza kwenye mteremko wa barafu, Baba akipiga kelele kama mtoto. Mama alikimbia. Alikimbia kweli, kutoka mnara mmoja hadi mwingine, sketi ameishika juu, akirudia kusema, “Niangalieni! Niangalieni jamani!”

Waliporudi nyumbani kwa Vumilia, Mama aliingia jikoni bila kuonyeshwa njia. Akamenya viazi, akachemsha chai ya tangawizi. Mwilipacha ulikuwa na ulimi wa kuonja, kwa hiyo alionja na kulalamika kwamba maziwa ya huku hayana ng'ombe ndani yake. Kisha akamimina kikombe, akamgeukia binti yake.

“Shika, mwanangu.”

Vumilia alinyoosha mkono akapokea. Chai haikufika mdomoni.

Kikombe alikuwa amepewa kwa mkono wa kushoto.

Mama alilima kwa kushoto, alikula kwa kushoto, alikata kuni kwa kushoto. Lakini kumpa mtu kitu kwa mkono huo, hapana. Bibi alimpiga mwiko wa vidole tangu akiwa mdogo, na ikamwingia. Hata akiwa na haraka kiasi gani, alikihamishia kitu mkono wa kulia kwanza ndipo akupe. Vumilia mwenyewe aliwahi kuchapwa kofi kwa kumpitishia mgeni chumvi kwa kushoto, na aliyemchapa ni huyu huyu mama.

Sasa Mama alikuwa anautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

“Nimejisahau tu,” alisema.

“Mama, wewe ujisahau hilo?”

Vumilia aliweka kikombe mezani. Alijua ni nani hutoa vitu namna ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifundisha kijazio: mkono ulio karibu na kitu ndio ukitoe. Hakuwahi kufikiria kukifundisha adabu za nyumbani kwao.

Alichukua kioo chake cha kazi, kile kinachoonyesha amri zinazoingia, akakielekeza kwa Mama. Amri za mkono wa kulia zilikuwa zinapita kutoka Njombe kama maji ya bomba. Za mkono wa kushoto hazikuwepo, wala za mguu wa kushoto. Tangu Mama afumbue macho pale kituoni, haikuwa imefika hata moja. Kijazio kilidhani zimechelewa, kikajaza, kikaendelea kujaza.

“Baba,” aliita taratibu. “Mama ana nini?”

Baba aliinamisha kichwa. “Alianguka shambani tunavuna viazi. Kiharusi. Upande wote wa kushoto. Alinikataza nisikwambie.”

“Ningekuja nyumbani!”

“Ndiyo maana,” Mama alidakia. “Ungeacha kazi, uje unitazame nimelala. Sikutaka. Nilitaka nije likizo kwa mwanangu nikiwa mzima. Vumi, leo nimekimbia! Unajua ni tangu lini sijakimbia? Mashine yako imenikimbiza. Usiiguse. Niachie siku hizi chache.”

Vumilia alikaa chini kwenye sakafu, karibu na miguu yake. Akaushika mkono wa kushoto wa mwilipacha. Mwishowe akauliza, “Mkono wenyewe, kule kitandani, ukiguswa unasikia?”

“Kusikia nasikia sana. Nesi akinichoma sindano napiga kelele jirani wanajaa. Kuunyanyua ndiyo siwezi.”

“Basi theluji hukuigusa, Mama. Kijazio kikiushika mkono, kinafunga njia zote mbili. Amri yako haiji, na kutoka huku hakirudi kitu kwako. Mkono huo ulikuwa wa mashine. Wewe umetazama tu.”

Mama alikitazama kiganja kile cha kushoto, sufuria ya viazi ikitokota.

“Nilijua kuna kitu,” Mama alisema hatimaye. “Nilijifanya shujaa bure. Nikasema labda ndivyo theluji ya Kichina ilivyo.”

Baba aliguna, akajizuia, akashindwa, akacheka. Mama naye akacheka. Kisha akajipangusa macho kwa mkono wa kulia.

“Ukikizima, nitaisikia?”

“Utaisikia. Lakini hutakimbia tena. Niambie unavyotaka kweli, Mama. Mimi sitakizima mpaka useme.”

“Utaanguka, Mama Vumi,” Baba alisema.

“Kuanguka nimeshaanguka. Zima.”

Vumilia akazima. Mkono ukadondoka ubavuni, bega likashuka, goti likalegea, na upande mmoja wa mdomo ukavutwa chini. Vumilia alimdaka kiunoni kabla hajafika sakafuni. Huyu ndiye mama aliyekuja kumtembelea. Alimkumbatia, na safari hii hakuona haraka ya kumwachia.

“Usinililie hapa,” Mama alisema, maneno yakitoka mazitomazito. “Hii ni likizo. Nitoeni nje.”

Walimshika huku na huku. Mlango wa jengo ulikuwa karibu, lakini waliufikia polepole, na njiani kwenye theluji mguu wa Mama uliacha mfereji mrefu kando ya nyayo zao. Jua lilikuwa limezama, na taa zilikuwa zimewashwa ndani ya barafu, nyekundu, kijani, zambarau, hata minara ikaonekana kama inapumua. Miilipacha ya wageni ilipita ikitembea vizuri, imenyooka, hatua sawasawa. Vumilia aliwahi kuitazama hivyo akajisikia fahari. Leo alijiuliza ni wangapi kati yao wamelala mahali fulani, wameficha mguu, wameficha mkono, na mtoto wao anacheka nao bila kujua. Likizo ikiisha atakwenda kuwaambia wenzake kazini kwamba kijazio lazima kiombe ruhusa. Na baada ya hapo atapanda ndege.

Lakini likizo ilikuwa haijaisha. Aliinama, akachota theluji mbichi, akaufungua mkono wa kushoto wa Mama uliolala kama mtoto, akaijaza kiganjani.

Mama alitulia. Kisha macho yakamtoka.

“Weee! Yesu wangu! Inauma! Baba Vumi, inauma mpaka kwapani!”

“Si nilikwambia? Si nilikwambia inachoma?”

“Niitoe basi, Mama?” Vumilia aliuliza, ameshaanza kuipangusa.

“Thubutu!” Mama alisema, akicheka na ule upande wa uso uliobaki wake. “Ongeza.”