Kikombe Ambacho Mama Hakukionja

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, mimi na rafiki yangu Ketrina tulishuka bondeni na ndoo zetu kuteka maji. Mwaka huo, 1975, familia zote zilikuwa zimehamia kijiji kipya cha ujamaa, karibu na barabara ya Mlowo. Mpaka leo naikumbuka harufu ya maua ya kahawa na nyimbo tulizoimba njiani. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na jioni tulicheza pamoja watoto wa kijiji kizima.

Lakini maji hayakuwa mazuri. Upande wa juu wa kijito palikuwa na mashine ya kumenya kahawa, na uchafu ulitiririka mpaka tulipoteka. Chemchemi safi ilibaki mlimani, kwenye mahame yetu, makazi tuliyoyaacha. Serikali ilikataza mtu yeyote kurudi huko.

“Leo yananuka kama zizi la babu yako, Enesi,” Ketrina alinitania.

“Na wewe utayanywa hivyo hivyo!” nilimjibu.

Muda si mrefu watoto walianza kuhara. Mdogo wangu, Ipyana, alikonda mpaka akashindwa kuketi. Mama yangu, Tabita, aliongoza umoja wa akina mama wa kanisa. Kila Jumamosi walisali, kisha wakawapikia wagonjwa uji. Hata hivyo, wagonjwa waliongezeka.

Siku ya mkutano wa kijiji, Mama alisimama. “Ndugu Mwenyekiti, tunaomba turuhusiwe kuteka maji kwenye mahame.”

Mwenyekiti, mzee Zebedayo, alitikisa kichwa. “Mama Enesi, amri ya kuhama imetoka juu. Kazi yenu ni sala na uji. Siasa tuachieni sisi.”

“Rudini mkakoroge!” mtu mmoja alidakia. Watu wakacheka.

Mama alichota maji kwenye mtungi uliowekwa pale mkutanini, akapiga goti, akampa Mwenyekiti kikombe kwa mikono miwili. Mwenyekiti alingoja. Kwetu, anayetoa kinywaji huonja kwanza, ndipo anayepewa anywe.

“Mbona huonji, mama?”

“Siwezi, baba. Ni maji ya bondeni. Uji tunauchemsha, lakini mtoto akishamaliza uji, akienda kucheza anakunywa haya.”

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alikitazama kikombe, akakiweka chini polepole.

Kesho yake Mwenyekiti mwenyewe alitutangulia kwenda kwenye chemchemi ya mlimani, ndoo mkononi. Vijana nao wakachimba shimo la kupokea uchafu wa mashine. Ipyana akaanza kupata nguvu.

“Mama, hukuogopa kuikosoa serikali?” nilimuuliza jioni moja.

“Niliogopa, mwanangu, ndiyo maana nilisali kwanza. Sikumtukana mtu, wala sikutaka cheo. Lakini kama ningenyamaza huku najua kinachowaumiza watoto, uji wangu ungewasaidia nini? Ukimsaidia mtu, sema pia kinachomuumiza. Kiseme kwa heshima, lakini kiseme.”

Kutoka ndani tulisikia Ipyana akigonga bakuli. Alikuwa anataka uji tena.