Saini ya Kurudi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Mimi nilikuwepo kama mdhamini tu, kazi ninayopewa na ukoo mzima kwa sababu ya kitambi changu, ambacho ukikiona kwa mbali unadhani mwenyewe ana uwezo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua la kuanikia nguo. Tulikuwa tunakwenda kuomba kazi kwa mara ya saba.

Miaka mitatu nyuma shemeji alikamatwa akiteremka mlima na lori kwa mwendo ambao hata mimi, niliyeendesha miaka ishirini na mbili na kuacha mgongo wangu vipande vipande katika nchi tano, sikuwahi kuuthubutu. Leseni ikafungiwa miezi sita. Akakaa nyumbani, akamaliza adhabu, akarudishiwa. Akadhani yamekwisha. Kumbe kila kampuni humpokea vizuri, humkaribisha chai, mpaka wafike kwenye lile swali la fomu: leseni yako imewahi kufungiwa?

"Andika hapana," nilimshauri, maana mimi ni mshauri mbaya.

"Shemeji, rekodi wanayo. Nikidanganya watanifukuza kabla hawajaniajiri."

Basi huandika ndiyo. Wao husema bima haitakubali, na chai inabaki nusu kikombeni. Dada alikuwa ameshaanza kuuza vyombo vya ndani. Asubuhi ile tulikunywa maji kwa kupokezana, bilauri imebaki moja.

Kampuni hii ya saba tuliipata kwenye tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Anatakiwa dereva wa lori. Aliyewahi kufungiwa leseni atapewa kipaumbele.

Nimesoma matangazo mengi maishani, mengine nikiwa na njaa ya kuamini chochote. Sijawahi kuona linalomtafuta mkosaji.

Ofisi ilikuwa nyuma ya maghala, chumba kimoja, meza moja, mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Uani palikuwa na nafasi za kuegesha malori kumi na mbili, zimechorwa namba. Zote tupu. Lakini sakafu ilikuwa na matone ya oili mabichi.

Mama alisoma fomu. Akafika kwenye lile swali. Akatabasamu.

"Miezi sita. Vizuri sana, baba."

Shemeji akanitazama. Hakuna aliyewahi kumwambia vizuri.

"Jaribio la barabarani ni lini, mama?" nikauliza.

"Jaribio la nini? Huyu tunamjua."

Akafungua droo, akatoa jalada nene, akalisogeza mbele yetu. Zilikuwa karatasi za safari. Dereva yeyote anazijua: ukitoka unasaini juu, ukirudi unasaini chini, lori linahesabiwa limefika. Kila karatasi ilikuwa na jina la shemeji. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kulalia kushoto kama unaegemea ukuta. Nikaangalia tarehe. Nikaziangalia tena.

Zote zilikuwa za miezi ile sita.

Kusema kweli, nilimshuku yeye. Nilijisemea, huyu bwana alikuwa anaendesha kwa siri huku dada yangu akimpelekea uji kitandani. Nikamvuta pembeni.

"Shemeji, niambie ukweli."

"Nilikuwa nyumbani," akanong'ona. "Wallahi, shemeji. Sikutoka hata getini."

"Imebaki moja tu," mama akasema. Alichomoa karatasi ya mwisho. Juu ilisainiwa. Chini palikuwa wazi. "Hii haijarudi. Saini hapa, kazi ni yako kuanzia leo."

Kuanzia leo. Nilimwona shemeji akilimeza neno lile. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu hata mimi niliifikiria ile bilauri moja.

Akashika kalamu. Akaishusha kwenye karatasi.

Nje, lori likabadilisha gia.

Lilikuwa karibu. Zito, limebeba. Linakuja getini.

Akainua kalamu. Muungurumo ukakatika.

Akaishusha tena. Breki za upepo zikapumua, pale pale nyuma ya ukuta. Nikachungulia dirishani. Uani hapakuwa na kitu.

"Nani anaendesha?" shemeji akauliza, polepole.

Mama akavua miwani. "Jamani. Humjui?"

Kalamu ikaanguka. Tulitoka mbio, na mimi mwenye kitambi ndiye niliyefika barabarani wa kwanza.

Nyumbani nilimsimulia dada jikoni. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "miezi ile alikuwa analala mchana kutwa. Na miguu ilikuwa inafanya kazi. Wa kushoto unakanyaga klachi, wa kulia unakanyaga mafuta. Nilikuwa nikimwamsha, amechoka kuliko alivyokuwa alipolala. Sikumwambia. Niliona aibu kwa ajili yake."

Nimewahi kusikia watu wanaolimishwa usingizini na wachawi. Wa kulazimishwa kuendesha lori sikuwahi.

Shemeji aliapa kutogusa usukani tena. Akapata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala la mabati, ndani kabisa, taa zinawaka mchana, dirisha hata moja hakuna. Huingia jua halijachomoza, hutoka limezama. Vyombo vimeanza kurudi nyumbani, na mchana hujilaza Jumapili tu, baada ya chakula.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Aliamka, akaja kunawa, akakunja mikono ya shati. Mkono wa kushoto ulikuwa kama siku zote. Wa kulia ulikuwa umeungua jua, mweusi kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ngozi inabanduka.

Ni mkono wa upande wa dirisha la dereva. Nilikuwa nao miaka ishirini na mbili.

Dada aliona kwamba nimeona. Akamsogelea mumewe, akamshushia mkono wa shati, akafunga kifungo.