Kumuaga Madam Nabututu

Kila jioni akishatoka shuleni, Zeituni alifua soksi zake kwenye bomba la ploti yao ya nyumba za kupanga huko Migosi, Kisumu, huku akikariri Kiingereza. Alikariri kwa sauti, tena kwa kuimba, mpaka majirani waliongojea zamu ya maji wakayajua maneno yale bila kukanyaga darasani. "Catch up with! Keep up with! Run out of!" Povu linaruka huku, Kiingereza kinaruka kule.

Maneno hayo yana vituko vyake. Kitenzi kimoja kinabeba vijineno viwili mgongoni, na maana inageuka kabisa. Ukisema "run", umekimbia. Ukisema "run out of", hukimbii tena, umeishiwa na kitu. Wanafunzi wengi wa gredi ya sita waliyaogopa. Zeituni wala! Alikuwa na kitabu cha marudio chenye sentensi tamutamu za kumeza, na kichwa chake kilikuwa kama gunia, kila kitu kiliingia.

Wiki hiyo alikariri kwa bidii kuliko siku zote. Madam Nabututu, aliyewafundisha Kiingereza tangu gredi ya nne, alikuwa anastaafu na kurudi kwao Bungoma. Ijumaa kungekuwa na sherehe ya kumuaga, na mwanafunzi mmoja angesimama mbele ya wazazi kumpa kwaheri kwa Kiingereza. Zeituni alimpenda Madam kupita maelezo. Alitaka mwanafunzi huyo awe yeye, hakuna mwingine.

Jumatano baada ya masomo, Mwalimu Opondo, aliyekuwa akipanga sherehe, aliwaita Zeituni na mwenzake Byron ili asikilize hotuba zao. Zeituni akatangulia. Alisema kwa Kiingereza safi kwamba Madam ni mrefu na mwembamba kama twiga, nywele zake zinamwagika hadi kiunoni, na meno yake ni meupe kama theluji. Kisha akamimina yale maneno ya vijineno viwili, yote, bila hata kupumua.

Byron akaangua kicheko. Madam Nabututu alikuwa mfupi, mnene kiasi, na tangu wamjue hawajawahi kumwona bila kilemba kichwani.

"Yawa, Zeituni! Huyo mrefu ni nani?" akauliza Byron. "Na hiyo hotuba naijua. Binamu yangu wa Bondo aliikariri hivyo hivyo akimuaga mwalimu wao. Na mwalimu wao ana upara!"

Mwalimu Opondo hakucheka. "Zeituni, Kiingereza chako hakina kosa," alisema taratibu. "Lakini nikibadilisha jina tu, hotuba hii inamfaa mtu yeyote, hata mimi. Madam ataondoka hapa bila kujua kama uliwahi kumwona."

"Lakini mwalimu, nimeweka maneno yote aliyotufundisha!"

"Umeyaweka, ndiyo. Yeye mwenyewe hujamweka. Kesho nitawasikiliza tena. Ukija na hii, Byron ndiye atakayezungumza."

Jioni hiyo hapakuwa na wimbo bombani. Zeituni alisugua soksi moja mpaka ikakaribia kutoboka, huku machozi yakimdondoka kwenye beseni. Mama yake, Ayesha, aliyekuwa akisukuma chapati mlangoni, alimtazama kwa muda.

"Kumbe siku hizi soksi zinafuliwa kwa machozi?"

"Mama, nimeharibu. Sijui niseme nini juu ya Madam. Ya kitabuni Mwalimu Opondo ameyakataa."

"Basi kiache kitabu. Niambie kwa Kiswahili hiki chetu. Huyo Madam alikufanyia nini wewe?"

Zeituni akafikiri. "Nilipougua malaria nikiwa gredi ya nne," alianza, "alikuwa akija hapa baada ya shule. Alikaa pale kwenye kile kigoda, akanifundisha yote wenzangu waliyosoma, mpaka nikawafikia."

"Nakumbuka sana," mama akacheka. "Alikula chapati zangu akaomba na ya njiani! Haya, na nini tena?"

"Na ile siku chaki ziliisha shule nzima. Akatoa kipande cha muhogo mkavu kwenye mkoba wake, akaandika nacho ubaoni. Akasema kwa Kiingereza, 'We have run out of chalk, but we have not run out of cassava.' Mama, tulicheka! Tangu siku hiyo tukawa tunaomba chaki ziishe."

Sasa yalikuwa yanakuja yenyewe. Alikumbuka siku darasa zima lilipotembea kwenda Dunga kuliona ziwa. Viatu vilimbana, wenzake wakamwacha mbali. Madam akapunguza mwendo, akamwambia asijihangaishe kwenda sambamba nao, kwani ziwa halihami. Wakatembea wawili, wakizungumza habari za ng'ombe wa Bungoma na samaki wa Kisumu.

Zeituni akaacha kufua. Catch up with, kuwafikia wenzake. Run out of, kuishiwa na chaki. Keep up with, kwenda sambamba na walio mbele. Maneno yote aliyokuwa akiyaimba bombani alikuwa ameyasikia kwanza kinywani mwa Madam, na kila moja lilikuwa na siku yake. Siku hizo zilikuwa tamu, naye alikuwa karibu kuziacha zipite bila kuzitaja! Moyo ulimuuma, lakini aliikamua soksi, akaingia ndani kuandika.

Alhamisi alizungumza mbele ya Mwalimu Opondo bila twiga wala theluji. Alipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Byron.

"Aki, huyu sasa ndiye Madam," alisema. "Mwalimu, mpe yeye."

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Zeituni alianza vizuri. Wazazi walicheka kwenye muhogo, wakapiga makofi kwenye malaria. Alipofika safari ya Dunga alimtazama Madam, akamwona akijipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Maneno yote yakamtoka kichwani.

Zamani, akisahau kitu alichokariri, ilimbidi arudi mwanzo kabisa, na mara nyingi hata mwanzo wenyewe haukuonekana. Safari hii hakuwa na pa kurudi. Lakini aliiona ile njia ya Dunga, vumbi lake, na mkono wa Madam umeushika wa kwake. Basi akasimulia kilichofuata, na kilichofuata tena. Kiingereza chake kilichechemea hapa na pale, na hakuna aliyejali. Alipomaliza, hata Mwalimu Opondo alikuwa anatafuta leso.

Madam Nabututu alisimama, akamkumbatia, kisha akachukua maikrofoni. Mwalimu ni mwalimu tu, hata siku ya kuagwa lazima aulize swali.

"Zeituni, are you looking forward to Monday?" Alikuwa anamuuliza kama anaingojea Jumatatu kwa hamu.

Kwenye kitabu cha marudio, swali kama hilo lina jibu moja: ndiyo, kwa furaha kubwa. Zeituni akatikisa kichwa.

"No, Madam. I am not looking forward to Monday. You will not be there."

Hakuna aliyecheka. Madam alimshika bega, akawageukia wanafunzi.

"Wanangu, mmesikia?" alisema. "Kitabu ni kizuri, kisomeni. Lakini sentensi ya kitabu ni nguo ya kuazima, itamkaa yeyote, na haimwambii mtu kwamba ulimwona. Bidii si kumeza maneno ya watu. Bidii ni kukaa chini ukatafuta lililo la kweli, kisha ukalisema, hata kama sauti inatetemeka. Huyu mtoto amenipa la kweli, na hilo ndilo nitakalobeba mpaka Bungoma."

Akashusha maikrofoni ili asikie Zeituni peke yake.

"Na mimi pia, mwanangu," alisema, "hiyo Jumatatu siitaki."