Mashine Ilizima Saa Ngapi?

Likizo ya Juni ile, Yasmini alikuwa na kazi moja tu. Kila asubuhi alijitanda khanga mbili kwa baridi ya Makambako, akachukua daftari na kalamu, akaenda kukaa mlangoni mwa mashine ya kusaga ya baba yake, pale Lyamkena. Mashine ikizima, aandike ni saa ngapi, ilikuwa ikisaga mahindi ya nani, na ilichukua dakika ngapi kuwaka tena. Basi.

Zamani, ilipokuwapo mashine moja tu ya ushirika, watu wangevumilia. Sasa biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye uwezo ameleta mashine yake, na ng'ambo ya barabara ilinguruma mpya kutwa nzima. Baba yake, mzee Mansoor, alikwisha kusema: hii isipopona kufikia Jumamosi, anamuuzia mnunuzi atakayekuja siku hiyo, na familia nzima inarudi Tanga kwa babu. Yasmini hakutaka kusikia habari za Tanga. Alitaka kumalizia darasa la saba hapahapa, na rafiki zake.

Jumatatu fundi Tarsis alikuja kutoka Njombe, akasoma daftari, akabadilisha filta ya dizeli. Jumanne mashine ikazima mara sita. Jumatano fundi akarudi, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete hilo daftari lako." Alifunua kurasa kwa pupa. "Saa mbili kamili. Saa nne kamili. Saa sita kamili. Hivi hii mashine inavaa saa?"

Mama Dorosela, aliyekuwa kwenye foleni na debe lake, akaangua kicheko. "Labda imesoma, fundi!"

"Mama, usinichekeshe, nina hasira! Inayozima kwa mpango namna hii, nilijua njia ya mafuta inaziba taratibu. Nimeng'oa filta nzima isiyo na kosa! Na kila mahali pameandikwa 'mteja'. Mteja yupi? Hana jina?"

Mzee Mansoor akashika kiuno. "Yasmini, uliandika ulichokiona?"

Yasmini aliinama. Foleni ilipokuwa fupi, aliandika vizuri. Ilipokuwa ndefu, mashine ilizima zaidi, kina mama wakapiga kelele, naye akaacha kalamu akawapangia madebe. Jioni alikuta ukurasa mtupu, akaujaza saa zilizopendeza macho.

"Nilikisia, baba. Watu wakiwa wengi siwahi kuandika."

"Mtoto huyu!" baba akafoka. "Zimebaki siku mbili, wewe unakisia!"

Fundi akashusha pumzi. "Yaani saa ninazozitaka ndizo hazimo! Mashine inaugua ikizidiwa na kazi, na karani wake wakati huohuo amelala."

"Sikulala!"

"Kalamu yako imelala." Akaokota kipande cha mkaa, akamkabidhi. "Andika hapa ukutani. Ikizima tu, saa na jina, halafu uendelee na madebe yako. Foleni ikipungua, uhamishie daftarini. Usipowahi, chora mstari mtupu. Usinitungie."

Alhamisi mashine ilizima mara tano, na mara zote tano Yasmini aliandika kabla hajagusa debe lolote. Jioni fundi alisimama mbele ya ukuta.

"Saa nne na dakika saba, mama Dorosela. Saa nne na nusu, Jeni. Saa tano kasorobo, Tabea..." Akageuka. "Hawa wamefanana nini?"

Yasmini akafikiri. "Wote walitoka kukoboa, fundi. Hawakupitia nyumbani."

Fundi akajipiga paji la uso. Mahindi ya kukoboa hunyunyiziwa maji kwanza, kisha huanikwa mpaka yakauke ndipo yasagwe. Lakini kwa manyunyu ya wiki ile hayakukauka, na watu waliogopa kupitwa kwenye foleni, wakayaleta yakiwa mabichi. Fundi alifungua mashine, akatoa chekeche. Unga ulikuwa umeganda kwenye matundu yake kama ukoko wa ugali.

"Mama Dorosela," alisema kesho yake asubuhi, "mahindi yako yanaiziba mashine."

"Sasa niyaanike wapi, fundi, mawinguni?"

Mzee Mansoor akatandika turubai barazani, chini ya bati. Wenye mahindi mabichi waliyaanika pale nafasi zao zikitunzwa, na wenye makavu wakatangulia; Yasmini akapewa na kazi ya kusafisha chekeche. Siku hiyo mashine ilizima mara moja tu. Jioni fundi alisoma ukutani: "Saa tisa na dakika ishirini. Jeni. Yasmini hakusafisha chekeche."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, fundi alicheka. "Umejishtaki mwenyewe?"

"Ndivyo ilivyokuwa, fundi."

"Basi sikiliza, binti yangu. Ukurasa mtupu ungeniambia hujui, nami ningekuuliza. Ule wa kutunga ulinipoteza, tukapoteza siku tatu. Andika kilichotokea, kinapotokea, hata kama mwenye kosa ni wewe. Hapo fundi ana pa kuanzia."

Mzee Mansoor aliusoma ukuta polepole, akamshika mwanawe bega.

"Kesho mnunuzi akija," alisema, "mkaribishe, mpe na chai. Mashine hapewi."