Rekodi za Besiboli Nilizoandika kwa Jina la Akinyi

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka thelathini na mbili, naishi Kabiro, Kawangware. Wasomaji wenzangu, msinicheke. Kilichonivunja moyo ni besiboli... mchezo ambao sijawahi kuuona uwanjani hata siku moja!

Saluni niliyokuwa nikisuka ilipofungwa, nilipata kazi ya mtandaoni. Unatazama mechi ya Japani kwenye laptop, kwao ni jioni, kwetu ni mchana, na unajaza rekodi yake: nani amerusha mpira, nani amepiga, nani amefika kituo cha kwanza, nani amekosea. Mashabiki wakisoma hizo takwimu hawajui kuna mtu wa Kawangware aliyeziandika.

Shida ilikuwa moja tu. Bila kitambulisho hufunguliwi akaunti, na changu kilikuwa kimepotea; ofisi ya vitambulisho kila nikienda ni njoo kesho. Akinyi, rafiki yangu wa kwaya, anayeuza dagaa wa omena Kisumu Ndogo kule Kibera, akaniambia, "Wee Mwende, si utumie changu? Kwani mimi na wewe ni watu tofauti?" Machozi yalinitoka kwa furaha. Akaunti ikafunguliwa kwa jina lake, malipo yakawa yanaingia kwa simu yake, naye ananitumia. Mpaka hapo hakuwahi kunidhulumu, lazima niseme ukweli.

Jamani, nilijifunza ule mchezo mpaka nikauota! Kigumu kuliko vyote ni hiki: mtu amepiga mpira, wa kuudaka ameuangusha, mpigaji akafika salama. Je, ni sifa ya mpigaji ama ni kosa la mdakaji? Wewe ndiye uamue. Nilikuwa nikirudia video hadi niwe na uhakika. Kampuni ikaanza kusifu kazi yangu... yaani, kazi ya Akinyi.

Ndipo wakaandika kwamba wanataka kumfanya Akinyi msimamizi, mwenye mshahara wa kila mwezi na bima ya hospitali. Bima! Na mtoto wangu ana pumu! Tulikubaliana yeye afanye intavyu ya video, halafu kazi niendelee nayo mimi.

Alikuja kwangu, nikamvalisha blauzi yangu nzuri. Nikachutama nyuma ya laptop na vipande vya katoni, nikimwandikia majibu kwa herufi kubwa. Walipomuuliza kuhusu mpira ulioangushwa, niliinua katoni yenye neno KOSA. Akasoma, akatabasamu utadhani amezaliwa uwanjani. Tulikumbatiana tukiruka!

Kesho yake akaunti ilikataa kufunguka. Paswadi ilikuwa imebadilishwa. Nikampigia. "Mwende, usinikasirikie," akasema. "Jina ni langu. Wewe ulikuwa unanisaidia tu." Kumsaidia! Nilienda mbio hadi Kisumu Ndogo. Mama yake alifungua mlango nusu, akasema Akinyi yuko kazini.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, jinsi Mungu alivyomfundisha besiboli bila mwalimu. Watu wakapiga makofi. Mama aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Si umuombe akufundishe na wewe?" Nani angeniamini?

Kitambulisho kilipotoka hatimaye, niliomba upya kwa jina langu. Nikapokelewa kama mwanafunzi. Na mnajua anayekagua rekodi za wanafunzi ni nani? Ni Akinyi! Wiki iliyopita alinirudishia mechi, eti nimeandika kosa mahali pasipo kosa. Nilirudia ile video tena na tena. Nilikuwa sahihi! Lakini mtoto anahitaji dawa... nikafuta, nikaandika alivyotaka, nikamwambia asante.

Dada zangu, nawasihi, msijenge riziki yenu kwa jina la mtu mwingine, hata awe rafiki wa kufa kuzikana. Heri ulale njaa ukingoja kitambulisho chako. Mimi leo ni mwanafunzi wa mtu niliyemfundisha, na nikimwandikia naanza na "madam".