Betri Iliyobebwa Mgongoni

Saa kumi na moja jioni, simu ya Bibi ilizimika.

Tii! Ililia mara moja. Kisha, ziii. Kimya.

Sekela aliiona ikizimika. Alikuwa amesimama dirishani, mtoto wake mgongoni. Mtoto wake alikuwa gunzi la hindi. Jina lake Binti Gunzi.

"Bibi! Simu imelala!"

"Leo? Leo hii?" Bibi akaacha kumenya viazi.

Leo mama yake Sekela alikuwa hospitali, huko mjini. Alikwenda kujifungua. Baba alisema, "Saa moja nitapiga. Nitawaambia kama mtoto amefika."

Lakini simu iliyolala haisikii.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Simu ya Shangazi Tumpe nayo ilikuwa imezimika.

Shangazi akafungua mgongo wa simu ya Bibi. Ka! Akatoa betri.

"Betri hii imezeeka, Mama. Imezeeka kukushinda wewe."

"Mimi bado natafuna mahindi," akasema Bibi. "Hiyo haitafuni kitu."

Shangazi akaisugua betri kwenye kanga. Fyu, fyu, fyu. Akairudisha.

Tii! Simu ikawaka. Ziii. Kimya.

"Basi tuianike juani," akasema Shangazi.

Wote watatu wakatazama nje. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni.

"Jua lenyewe liko wapi?" akauliza Bibi.

"Tuiweke motoni, kidogo tu," akasema Sekela.

"Hapana, mama. Betri haisogezwi motoni. Hupasuka," akasema Bibi. "Wala hailambwi, Tumpe."

Shangazi akarudisha ulimi ndani.

"Nami niishike," akasema Sekela.

Akaishika. Betri ilikuwa baridi kama tumbo la chura.

"Bibi, simu yako inalala wapi?"

"Si unajua? Kwenye kikombe, pale dirishani. Mtandao unashika pale tu."

"Na ukungu ukija?"

"Palepale."

Bibi akasogea dirishani. Akakitazama kile kikombe cha bati. Kilikuwa kimeloa umande.

"Bibi, mtoto akipata baridi, anafanywaje?"

"Anabebwa," akasema Bibi.

Sekela akafungua kanga yake. Akamshusha Binti Gunzi, akamlaza kitandani.

"Shuka kidogo, Binti. Mwenzako ana baridi."

Bibi akaifuta betri, akaifunga kwenye kitambaa kikavu. Shangazi akamfunga Sekela kanga, betri ikakaa mgongoni. Kafundo kamoja mbele. Tayari.

Sekela akatembea. Kutoka mlangoni hadi kitandani. Kutoka kitandani hadi mlangoni. Akaimba polepole:

Lala, betri, lala.
Pata joto, kisha amka.

Viazi vikachemka. Tokoto, tokoto, tokoto.

Lala, betri, lala.
Pata joto, kisha amka.

"Mama Betri," akaita Shangazi, "mwanao anacheua?"

"Sss! Utamwamsha kabla ya saa moja."

Wakala viazi na maharage. Sekela alikula amesimama. Hakutaka kuegemea ukuta.

Nje giza likaingia. Kuku wakaingia. Sekela akatembea tena, taratibu sasa. Miguu ilikuwa imechoka.

Lala, betri, lala.
Pata joto, kisha amka.

Kwa jirani, redio ikasema ni saa moja.

"Haya," akasema Bibi. "Mlete."

Shangazi akafungua kanga. Bibi akafungua kitambaa. Akaishika betri.

"Ina joto," akasema. "Kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi."

Ka! Betri ikaingia. Bibi akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena.

Tii! Simu ikawaka. Wakangoja ile ziii. Haikuja.

Bibi akakikausha kikombe. Akaiweka simu ndani yake, dirishani. Wote watatu wakasimama pale, bega kwa bega.

Kriii! Kriii!

"Haloo!" Bibi akapiga kelele. Akabonyeza spika ili wote wasikie.

Haikuwa sauti ya Baba. Ilikuwa sauti ndogo, kali.

Nga-a-a! Nga-a-a!

"Sekela," akasema Mama ndani ya simu. "Umemsikia? Huyo ni mdogo wako. Wa kiume."

Sekela akasogeza mdomo kwenye kikombe.

"Mama, ana baridi?"

"Hana. Nimembeba."

"Mgongoni?"

"Bado mdogo sana. Nimembeba kifuani."

"Mwimbie, Mama. Ukimwimbia ndiyo anapata joto."

"Nitamwim..."

Ziii. Kimya.

Shangazi akacheka, huku akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Imekufa?" akauliza Sekela.

"Imelala," akasema Bibi. "Kazi yake imeifanya. Kesho umeme ukirudi, itakula."

Bibi akaitoa simu kwenye kikombe. Hakuirudisha dirishani. Akaifunga kwenye kitambaa kikavu, akaiweka rafuni, mbali na ukungu na mbali na moto.

Sekela akapanda kitandani. Akamchukua Binti Gunzi, akamweka kifuani. Akaanza kuimba.

Lala, Binti, lala.
Pata joto...

Hakumaliza. Saa moja na nusu, Sekela alikuwa amelala.