Washa Taa Nikuone

Jokofu lilikuwa wazi, na chupa moja haikuwepo.

"Zilikuwa mbili," alisema mtunza benki ya macho. "Nimekuja kuchukua ya upasuaji, nikakuta pake patupu."

Inspekta aliinama akatazama ile iliyobaki. Kichupa cha maji ya rangi ya waridi, na ndani yake kiduara chembamba kama utando wa kitunguu. Konea. Kioo cha mbele cha jicho la mtu aliyekufa.

Hakupenda kuwa pale. Mkewe alipofariki, yeye ndiye aliyekubali macho yatolewe, katika taasisi hii hii ya chuo kikuu. Tangu hapo alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya geti lake. Lakini macho ya watu hakuweza kuyakwepa. Sokoni, mahakamani, kwenye foleni, alijikuta anawakazia watu macho mpaka wanageuka. Alikuwa anatafuta.

"Iliyoibwa ni ya nani?" aliuliza.

"Ya bibi mmoja, mkunga mstaafu," alijibu profesa, mama mwembamba aliyekuwa mkuu wa taasisi.

"Afande," sajini wake alinong'ona, "nani anaiba jicho la bibi kizee? Hata haya yangu mazima sijapata mteja."

Profesa hakucheka. "Wodini nina fundi saa. Jicho la kushoto lilishakufa zamani. La kulia kidonda kimelitoboa. Nisipomshonea konea leo hii, basi tena."

"Hii iliyobaki haifai?"

"Ya dereva wa lori, kafa ajalini. Jicho lake la pili liliharibika, tukapata hili moja. Majibu ya damu yake bado yako maabara. Siwezi kumwekea mgonjwa kitu nisichokijua."

Inspekta akamgeukia mtunza benki. "Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha pili. Nawafundisha wanafunzi wa udaktari kuhesabu seli kwa darubini."

"Mlango huu?"

"Niliurudishia."

"Uliufunga?"

Mtunza benki akatazama viatu vyake. "Sikuufunga, afande."

Mtaalamu wa alama za vidole alibaki na unga wake. Inspekta akatoka nje. Ukutani, mkabala na mlango wa benki, palikuwa na benchi refu la wagonjwa, wote wameinua nyuso kama vifaranga. Muuguzi mnene alikuwa akipita na kichupa cha dawa. Walimwita Mama Matone.

"Yule aliyenikimbia ni wa kwenu?" muuguzi alimdaka inspekta.

"Nani?"

"Binti mmoja, kajifunga kitambaa cheusi. Asubuhi nilipita benchi zima. Kichwa juu, tone, tone, fumba, anayefuata. Yeye analia tu, dawa yote inatoka. Nikamwambia, mwanangu, chozi lako linanimalizia chupa. Nikamtia tena. Kurudi nimwite kwa daktari, hayupo."

"Alikuwa na kadi?"

"Baba, anayekaa hapa anasubiri dawa. Sasa nianze kumhoji?"

"Hiyo dawa inafanya nini?"

"Inapanua mboni. Mwanga unakuchoma, na kitu cha karibu hukioni. Mpaka jioni."

Inspekta akakaa mwisho wa benchi, akainua uso. "Nitie na mimi."

"Afande!" sajini alishtuka.

"Nitie."

Dawa ilichoma kama moshi. Akafumba, akangoja. Alipofumbua, taa zilikuwa zimeota ndevu za mwanga. Kila mgonjwa aliyepapasa njia kutoka kwa daktari alimtazama kwa mboni nyeusi, pana, zilizomeza rangi yote ya jicho. Yeyote kati yao angeweza kuwa na kioo cha mkewe. Akainuka.

Ndani ya benki aliomba kichupa kilichobaki. Akakisogeza usoni, akakisogeza mbali. Maandishi yalikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji.

"Yule binti hakuja kuiba ya bibi," alisema polepole. "Alikuja kuchukua hii. Akashindwa kusoma."

Sajini ndiye aliyeendesha gari. "Leo umekuwa mzee wa kushikwa mkono, afande," alisema. Inspekta alikuwa amevaa miwani ya karatasi nyeusi waliyompa hospitali.

Nyumbani kwa dereva wa lori watu walikuwa wamekaa matanga. Kaka mkubwa wa marehemu aliwapokea mlangoni.

"Nani alitia saini macho yatolewe?"

"Mimi. Mdogo wangu alikuwa akisema mwenyewe, nikifa wapeni watu. Shemeji alikuwa amezimia. Ningemuuliza vipi?"

"Na alipozinduka?"

Yule mtu alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia limeshakwisha."

Mjane alikuwa chumba cha ndani, pazia limefungwa, kitambaa cheusi kichwani. Alikaa pembeni ya kitanda, upande mmoja tu, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi. Inspekta akavua miwani. Wakatazamana, mboni pana kwa mboni pana.

"Na wewe wamekutia," mjane alisema.

"Niliwaomba. Kiko wapi, mwanangu?"

Hakubisha. Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa leso ya kiume iliyofungwa fundo.

"Kesho tunamzika," alisema. "Nilitaka aende mzima. Akirudi safari alikuwa anasimama pale mlangoni, ananiambia, washa taa nikuone. Sasa kila nikifumba macho namsikia. Washa taa nikuone. Naiwasha. Anarudia. Nawasha na ya nje, anarudia. Nikajua hanioni. Wamemchukulia."

"Ukaenda."

"Nilikaa kwenye benchi lao nikivizia yule mtunza jokofu ageuke. Yule mama akanitia dawa kabla sijafungua mdomo. Mlango ukawa wazi, nikaingia. Chupa mbili, sioni maandishi. Nikachukua ile ambayo mkono ulienda kwanza. Nikasema moyo unamjua wake."

"Umeifungua?"

"Hapana. Nilitaka kumwekea kwenye jeneza. Nikaogopa kumgusa. Nikawa naongea naye tu."

Inspekta alimpa sajini kichupa. Sajini akasoma, akasoma tena. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Ni ya bibi, afande."

"Bibi gani?" mjane aliuliza.

"Marehemu mwingine," alisema inspekta. "Alikuwa mkunga."

Mjane alimkodolea. Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kicheko kikamponyoka. "Mama wee! Nimemwambia bibi wa watu mambo yote ya chumbani!" Alicheka mpaka akainama magotini, na alipoinama kile kicheko kikageuka kilio.

Simu ya inspekta ikalia. Profesa.

"Iliyoibwa imekaa nje ya jokofu, haifai tena," alisema. "Majibu ya dereva yamerudi, damu ni safi. Lakini kama mjane ana kinyongo, siigusi. Na fundi saa hana kesho."

Inspekta alikata simu, akachuchumaa mbele ya kitanda.

"Ya mumeo bado iko jokofuni. Ukisema irudi, nitaileta mwenyewe, uzike naye. Na kuna mtu wodini, akiikosa leo haoni tena. Sikulazimishi. Nakuuliza."

"Wewe ungefanyaje?"

"Niliulizwa. Mke wangu. Nikakubali."

"Anakuita?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayemtafuta. Kwenye macho ya watu."

"Umempata?"

"Sijampata."

"Sasa ulifaidi nini?"

Inspekta aligeuza miwani ya karatasi mkononi. "Kuna mtu asubuhi anafumbua macho, anaona dirisha lake. Simjui. Lakini sijawahi kutamani nimnyang'anye."

Mjane alikunja leso ya mumewe, mara moja, mara ya pili. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti.

"Shemeji hakuniuliza," alisema.

"Najua."

"Wewe umeniuliza." Akasimama. "Mpeni huyo mtu. Ila nipeleke. Nataka niwe mlangoni."

"Kesi bado ipo. Maelezo yako nitayachukua baada ya mazishi."

"Yachukue tu. Nimeiba."

Wakakaa kwenye lile benchi refu, wote wawili, mtuhumiwa na inspekta wake, wakitazama mlango wa chumba cha upasuaji mwisho wa korido. Mama Matone alipita, akawaangalia, akampapasa binti begani na kwenda zake.

Machela ya fundi saa ikapita, magurudumu yakilalamika. Mlango ukafungwa. Juu yake taa nyekundu ikawaka, na machoni mwao ikatanda kubwa, ikajaza korido nzima.

Mjane aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikilizia hodi. Alisikiliza muda mrefu. Inspekta hakuthubutu kusogeza hata kiatu.

"Wameiwasha," alisema mjane, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akafumba macho.